Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Afya ya Akili ya Waliougua Saratani na ya Wanaowauguza

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa ya kukaa na wagonjwa wa saratani na jamaa zao hapa Mombasa: kwenye foleni za kliniki, majumbani Kisauni na Changamwe, na mara nyingi ndani ya feri ya Likoni, ambapo mtu huona wepesi wa kusema jambo zito akiwa ameyaelekeza macho majini. Mimi ninayeyajibu nilimuuguza mama yangu mzazi kabla sijasomea ushauri nasaha, kwa hiyo baadhi ya maswali niliwahi kuyauliza mwenyewe. Anayeuguza, katika kurasa hizi, ni jamaa au rafiki anayemhudumia mgonjwa nyumbani bila kulipwa, wala si muuguzi wa hospitali. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako.

Matibabu yamekwisha na vipimo ni vizuri. Mbona sasa ndipo ninapolia?

Wengi huuliza swali hili kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaungama kosa. Si kosa. Wakati wa matibabu mtu huishi kwa tarehe: siku ya kutolewa damu, siku ya kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), siku ya kumwona daktari, na nguvu zake zote huelekezwa katika kuivuka siku iliyo mbele yake. Hofu huwekwa kando kwa sababu haina nafasi. Kisha ratiba inakwisha, wauguzi waliokuwa wakikuita kwa jina hawakuoni tena ila baada ya miezi 3 au 6, jamaa wanarejea kwenye shughuli zao wakiamini kwamba mambo yamekwisha, na yale yaliyowekwa kando yanakuja kudai haki yao. Mwaka 1985 daktari Mmarekani Fitzhugh Mullan, ambaye yeye mwenyewe aliugua saratani, aliandika katika New England Journal of Medicine kwamba kunusurika huanza siku mtu anapoambiwa ana saratani na hupita katika misimu mbalimbali, na kwamba kipindi kinachofuata matibabu ni msimu wenye hofu zake mahususi. Maelezo yake yanalingana kabisa na ninayoyasikia hapa.

Kuna pia sababu za mwili, na hizi husahaulika. Dawa za jamii ya steroidi, zinazotolewa pamoja na kemo, huweza kuvuruga usingizi na hisia za mtu zinapotumiwa na hata zinapoachwa. Matibabu mengine humfikisha mwanamke ukomo wa hedhi kabla ya wakati wake. Upungufu wa damu humfanya mtu ajione mnyonge, na mionzi iliyopigwa shingoni huweza kuidhoofisha tezi ya thiroidi, ambayo ikidhoofika huleta uchovu na simanzi. Mambo haya hupimika, na mengi yake hutibika. Kwa hiyo unaporudi kliniki, usimweleze daktari habari za kidonda peke yake. Mweleze na usiku wako ulivyo.

Nitajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ni sonona?

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Mtu hulia asubuhi, kisha mjukuu akafanya kioja naye akacheka. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, hukaa. Wataalamu huangalia iwapo dalili zimedumu kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: moyo kuwa mzito, kutopendezwa na mambo uliyoyapenda, kujiona huna thamani, kujilaumu, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kushindwa kutuliza fikra, na kutamani kufa. Kliniki nyingi hutumia hojaji fupi ya maswali 9 inayouliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Nyingine hukuonyesha picha ya kipimajoto chenye alama 0 hadi 10 na kukuuliza dhiki yako imefika wapi, na anayetaja 4 au zaidi huhojiwa kwa kina.

Ugumu ni kwamba saratani yenyewe huleta uchovu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi, hata ikawa vigumu kujua kipi kimeletwa na nini. Mimi huziangalia zaidi dalili za moyo kuliko za mwili. Mzee aliyekuwa hakosi barazani baada ya alasiri, na ambaye sasa anawasikia wenziwe wakizungumza nje ya dirisha lake wala hatoki, ananieleza mengi kuliko uzani wake. Hali kadhalika mama aliyependa kujifukiza udi kila jioni ambaye chetezo chake kimeingia vumbi.

Usidhani uko peke yako. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la The Lancet Oncology yalionyesha kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 wanaotibiwa saratani ana sonona iliyotimiza vigezo vya kitabibu. Wengine wengi zaidi wana wasiwasi au dhiki isiyofikia kiwango hicho, nao pia wanastahili kusikilizwa.

Nasahau sana tangu kemo. Je, akili yangu inaharibika?

Kusahau majina, kupotewa na neno lililo ulimini, kuingia jikoni na kusahau ulichofuata: haya ni ya kawaida baada ya kemo, na kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita. Andika mambo kwenye daftari moja, fanya jambo moja kwa wakati, na umwambie daktari ikiwa hali inazidi badala ya kupungua, au ikiwa inaambatana na kuumwa sana na kichwa.

Kila kiungo kikiuma nadhani imerudi. Nifanye nini?

Hofu hii ndiyo inayowasumbua watu wengi na kwa muda mrefu kuliko nyingine, na haina budi kuheshimiwa, kwa sababu ina msingi: ugonjwa huu huweza kurudi. Anayekuambia «usifikirie hayo» hakusaidii. Kinachosaidia ni kuipa hofu mipaka. Muulize daktari wako maswali mawili waziwazi na uyaandike majibu yake: kwa aina yangu ya saratani, dalili zipi niziripoti mara moja, na dalili zipi ningoje kwanza, kwa muda gani? Mwenye karatasi hiyo huamka na maumivu ya mgongo akajua kwamba aliinua ndoo za maji jana, na kwamba yasipopungua kwa muda aliotajiwa ataenda kuonwa. Asiyekuwa nayo huwa ameshajizika kabla ya alfajiri.

Siku chache kabla ya tarehe ya kurudi kliniki, hofu hupanda kwa karibu kila mtu. Usipange mambo mazito siku hizo, usiende peke yako, na panga shughuli ya kufanya wakati unasubiri majibu. Hofu ikikupata usiku, moyo ukaenda mbio na kifua kikabana, keti, weka miguu chini, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4 na uitoe polepole kwa kuhesabu hadi 6, kwa dakika chache. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huutuliza mwili, na mwili ukitulia akili huufuata.

Kutembea pia ni tiba, na sisemi hivi kwa kufariji tu. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipitia ushahidi na kueleza kwamba mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 12 au zaidi, hupunguza wasiwasi, sonona na uchovu kwa walioguswa na saratani. Joto letu la kaskazi ni kali, basi tembea baada ya sala ya alfajiri au jua likishapunga. Ukiweza kufika Mama Ngina, upepo wa bahari utakusaidia. Usipoweza, uchochoro wa nyumbani kwako unatosha.

Je, sonona ni upungufu wa imani, au ni husuda na jicho?

Mtu anaposema amepigwa jicho, mara nyingi anatafuta jibu la swali zito: kwa nini mimi? Simkebehi, wala sipendi mshauri anayemkebehi. Lakini nimewaona watu wakizungushwa kwa waganga mpaka nafasi ya kutibiwa mapema ikapotea, na hilo nalisema wazi: dua, kisomo na maombi viende pamoja na matibabu, visiwekwe badala yake. Sonona huwapata wacha Mungu kama inavyowapata wengine, sawa na shinikizo la damu. Kumwambia mgonjwa asubiri ni vyema, ila subira haimkatazi mtu kusema kwamba anaumia.

Daktari amenikataza kufunga Ramadhani, nami najiona nimepungukiwa.

Swali hili hunijia kila mwaka mwezi wa Shaabani, na lina uchungu wake maalumu, kwa kuwa mgonjwa ameshapoteza mambo mengi na sasa anaona anatengwa hata na futari. Qurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Kuhusu nani alipe na nani atoe fidya, muulize sheikh wako, na uende kwake ukiwa na maelezo ya daktari, kwa sababu jibu hutegemea hali ya ugonjwa. Mimi naongeza hili tu: mgonjwa asifichwe chumbani na sahani yake. Akae mkekani na wenzake adhana inapotolewa, ale tende pamoja nao, na apewe kazi anayoiweza, hata ikiwa ni kumenya limau tu.

Jamaa wanasema mama asiambiwe kwamba ni saratani. Je, tunamlinda?

Naelewa huruma iliyomo. Lakini kwa niliyoyaona, mama hujua. Anajua kwa sababu watu hunyamaza anapoingia, kwa sababu jamaa kutoka Lamu amekuja ghafla, na kwa sababu aliyelazwa kitanda cha jirani alipewa dawa ya rangi hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba anajua peke yake, na hana wa kumwambia kwamba anaogopa, maana naye anawalinda nyinyi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, isipokuwa pale penye ushahidi mkubwa kwamba kuelezwa kutamdhuru. Haki hiyo ni yake yeye. Wanawe wa kiume au shemeji yake hawawezi kuitumia kwa niaba yake.

Haimaanishi kumwagia kila kitu siku moja. Muulize kwanza: «Mama, daktari akiwa na majibu, ungependa akwambie wewe, au aniambie mimi?» Wapo watakaosema waambiwe watoto wao. Huo nao ni uamuzi wake, na uheshimiwe. Ninachopinga ni kumwamulia bila ya kumuuliza.

Watoto wadogo tuwaambie nini?

Waambieni kweli kwa maneno machache, na mlitaje jina la ugonjwa. Mtoto mdogo asiyeelezwa hujitungia sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni yeye mwenyewe: mama anaumwa kwa kuwa nilimkasirisha. Basi yasemwe mambo matatu, na yarudiwe: si kosa lako, haiambukizi ukimkumbatia, na fulani ndiye atakayekupeleka shule na kukupikia mama akiwa hospitali. Watoto wakubwa huficha majonzi yao ili wasiongeze mzigo. Binti wa miaka 14 aliyegeuka mama wa nyumba na ambaye kila mtu anamsifu kwa ukomavu ndiye ninayemhofia zaidi. Mwalimu wake aelezwe.

Mimi ndiye ninayemuuguza. Nimechoka, na wakati mwingine namkasirikia. Je, mimi ni mtu mbaya?

La. Na nataka kulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloulizwa mara chache zaidi kwa sauti na ndilo linalowala watu kimoyomoyo.

Katika mji wetu, anayeuguza huulizwa kila siku, sokoni, msikitini, kwenye matatu: «Mgonjwa anaendeleaje?» Anajibu, anaombewa mgonjwa shifaa, na mazungumzo yanaishia hapo. Katika miezi 11 ya kumuuguza mama yangu, ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja walioniuliza: «Na wewe je?» Siwalaumu. Hatukufundishwa kumwona aliyesimama kando ya kitanda.

Hasira haina maana kwamba humpendi. Inatoka katika kukatizwa usingizi usiku hadi usiku, katika kuachana na kazi au masomo, katika kusafisha matapishi na kisha kuambiwa na jamaa aliyepiga simu kutoka ughaibuni kwamba uji ulikuwa mwepesi mno. Baadhi ya nyakati inatoka katika kuona kwamba mzigo umemwangukia mmoja, mara nyingi binti au mke wa mwana, na wengine wamejigawia kazi ya kutoa maoni. Kuna na fikra nyingine ambayo watu huiogopa mno: kutamani yaishe. Karibu kila aliyeuguza kwa muda mrefu amewahi kuipata. Hiyo ni sauti ya mwili uliochoka.

Mzigo huu una athari za kweli. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la JAMA uliwafuatilia kwa takribani miaka 4 wazee waliowauguza wake au waume zao, wenye maradhi mbalimbali. Wale waliokuwa wakiuguza na kulemewa walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza, ilhali waliouguza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo. Tafsiri yangu ni nyepesi: hatari imo katika kuachwa peke yako na kazi hiyo.

Kwa hiyo anza na zamu. Itisha kikao cha jamaa, si cha kulalamika bali cha kugawana siku, na majina yaandikwe: Jumatatu na Jumanne wifi, Jumatano usiku kaka, ambaye kama hajui kumwogesha mgonjwa anaweza kukaa macho na kumpa maji. Wa mbali alipe nauli ya tuktuk au alipe mtu wa kufua. Ukiomba msaada, omba kitu kinachojulikana na saa inayojulikana, kwani «nisaidieni» huitikiwa na wote na kufanywa na hakuna. Wewe nawe una presha au kisukari? Usiruke kliniki yako. Usijikeshe kwa muguka, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, wala kujilaza kwa vidonge vya usingizi ulivyojinunulia, maana vyote viwili hukopa nguvu ambazo utalipa siku nyingine. Na utafute mtu mmoja ambaye ukimwambia «leo nimemfokea mama» hatakuhubiria.

Ukiona dalili za sonona zilizotajwa juu zimekaa kwako wiki 2, wewe pia ni mgonjwa anayestahili kuonwa.

Sisi ni majirani. Tusaidieje bila ya kuwa kero?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nao walijua walisemalo. Kumwambia mtu aliyelemewa «ukihitaji chochote nipigie» ni kumwongezea kazi ya kufikiri. Peleka uji. Chukua watoto uwapeleke madrasa. Kaa na mgonjwa saa mbili ili anayemuuguza aende saluni, au alale tu. Mkija kuzuru, msimsimulie fulani aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, na msikae mpaka usiku.

Michango ya matibabu imetugombanisha. Nifanyeje?

Fedha ni nusu ya dhiki yote, na wataalamu wa afya ya akili wasioizungumzia wanaikwepa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya afya, na familia iliyosajiliwa inafaa kumuuliza afisa wa hospitali mapema ni sehemu gani ya matibabu inalipiwa na kiasi gani kimebaki, ili wasigundue wakiwa dirishani. Kuhusu michango, anayeuguza asiwe mweka hazina. Watu wawili wengine wazishike fedha, na hesabu itumwe kwenye kundi la WhatsApp kila wiki, hata kama hakuna aliyeuliza. Pia mgonjwa akubali kwanza picha yake itumike. Nimekutana na mama aliyepona ambaye mpaka leo halali kwa sababu picha yake akiwa hana nywele wala mtandio ilizunguka mji mzima.

Tangu upasuaji siwezi kumtazama mume wangu. Tutarudi kuwa kama zamani?

Kuondolewa titi, kizazi au tezi dume hugusa mahali ambapo hata wanandoa wa miaka 30 hawajazoea kupataja. Mke huvaa gizani. Mume naye hujiweka mbali kwa kuogopa kumuumiza, na mke hutafsiri umbali huo kuwa ni kinyaa. Mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume, akapungukiwa na nguvu za kiume, huenda akaanza kuchelewa kurudi nyumbani kuliko kusema neno moja. Pande zote mbili hunyamaza, kila mmoja akidhani ametambua fikra za mwenziwe.

Anzeni na kugusana kusikodai chochote: kukandana mgongo, kulala mmeshikana mikono. Mwambieni daktari, kwa sababu ukavu, maumivu na upungufu wa nguvu vina tiba zake, na madaktari wengi hawataanza mazungumzo hayo wenyewe. Kama ni vigumu kumwambia daktari wa jinsia nyingine, omba wa jinsia yako. Kurudi kuwa kama zamani kabisa siwezi kukuahidi. Ninachokijua ni kwamba waliozungumza waliendelea.

Dawa za sonona zinaweza kuchanganyika vibaya na dawa za saratani?

Baadhi yake, ndiyo. Mfano unaojulikana vizuri ni tamoksifeni, ambayo wanawake wengi waliougua saratani ya titi huimeza kwa miaka 5 au hata 10. Dawa za sonona paroksetini na fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni kuwa katika hali yake yenye nguvu. Zipo dawa nyingine zisizo na tatizo hilo kubwa. Basi mwonyeshe daktari wa akili pakiti zote unazotumia, pamoja na miti shamba. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, hazilevyi, na haziachwi ghafla kwa sababu tu umejisikia nafuu.

Mgonjwa wangu amesema afadhali afe. Nimchukulie vipi?

Mchukulie kwa uzito, na muulize waziwazi: «Unafikiria kujiua?» Kuuliza hakumtii fikra hiyo kichwani. Humpa ruhusa ya kutua mzigo. Wengine wana maana kwamba maumivu yamezidi, na maumivu yakitulizwa maneno hayo huisha, kwa hivyo mwambieni daktari kuhusu maumivu siku hiyohiyo. Akisema amefikiria namna ya kufanya, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa na sumu za nyumbani ziondolewe, na apelekwe idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyolipiwa, 1199, ambako mnaweza kuzungumza na mshauri.

Watu wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Semeni, mtibiwe.

Hapa Mombasa niende wapi?

Anza pale unapotibiwa. Katika Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, omba kwenye kliniki ya saratani uelekezwe kwa mshauri nasaha au daktari wa akili. Hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili, na nasikitika kwamba jina lake limegeuzwa kuwa tusi mitaani, maana tusi hilo limewazuia wengi kufika. Coast Hospice hutoa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dhiki ya mwili, moyo na roho, kwa mgonjwa pamoja na jamaa zake. Wengi hudhani hapo ni mahali pa kungojea kifo. Tiba shufaa huweza kuanza mapema na kwenda sambamba na kemo au mionzi.

Niliyekuwa nikimuuguza amefariki. Mbona sijui nifanye nini na mikono yangu?

Kwa sababu mikono hiyo ilikuwa na kazi usiku na mchana. Siku za matanga nyumba hujaa watu, hitima husomwa, sufuria kubwa huazimwa, na kisha mikeka hukunjwa na kila mtu hurudi kwake. Wewe unaamka saa nane za usiku kumpa dawa mtu ambaye hayupo. Unaweza kujisikia umepumzika na hapohapo ukajichukia kwa kupumzika. Hisia hizo mbili hukaa pamoja, na hakuna iliyo ya uongo.

Mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 anaweza kupata ushauri nasaha nyumbani au kwa simu. Jamaa wasimwache na kuta. Ikiwa miezi imepita na bado huwezi kula, kulala wala kufanya kazi, tafuta msaada bila kungojea mwaka uishe.

Nikifika kwa mshauri, nianze kusema nini?

Huna haja ya hotuba. Sema umelala saa ngapi usiku uliopita, umekula nini jana, na mara ya mwisho ulipocheka ilikuwa lini. Kama hata hayo hayatoki, sema: «Sijui nianzie wapi.» Mshauri anayeijua kazi yake atakupokea hapohapo.